Swali la Kwanza Lisiwe "Nani Kawaandikia?"

Hakuna mtumishi wa umma asiyeijua karatasi ya aina hii. Imetoka kijijini ikiwa imekunjwa mara nne. Imeandikwa kwa mkono, katika kurasa zilizochanwa kwenye daftari la shule, na chini yake kuna safu ndefu ya majina ya wakulima, wavuvi, wafugaji na akina mama wa kijiji. Mbele ya baadhi ya majina hayo kuna saini. Mbele ya mengine kuna alama ya dole gumba lililochovywa katika wino. Wananchi hao wanasema kwamba kisima chao kimeharibika, au ardhi ya kijiji imemegwa na kupewa mtu wasiyemjua, au msitu unaotunza chemchemi yao unateketea kwa mkaa huku waliopewa kazi ya kuulinda wakitazama. Wanaomba wasikilizwe, na wanaomba jibu.

Karatasi hiyo hupokelewa masijala, hugongwa muhuri wa tarehe na kuingizwa katika jalada. Kisha huanza safari yake. Afisa wa kwanza huandika dokezo kwa wa pili. Wa pili humwomba wa tatu ushauri. Wa tatu hulirudisha jalada kwa wa kwanza akitaka maelezo zaidi. Miezi hupita. Masika huja na kuondoka. Wajumbe wa kijiji wanapojichangia nauli na kufunga safari kwenda kuuliza, huambiwa kwamba suala lao "linashughulikiwa", na kwamba warudi baada ya majuma mawili.

Huo ni ugonjwa wa kwanza, nao unajulikana kwa jina lake: urasimu. Umesemwa sana, na wenye nao wameshauzoea. Lakini uko ugonjwa wa pili ulio mbaya kuupita huo, ambao hausemwi vya kutosha. Wako maofisa ambao wakishika waraka wa wananchi hawaulizi kama yaliyomo ni kweli. Swali lao la kwanza ni: "Nani kawaandikia?" Wakiona maneno yamepangwa sawasawa na hoja zinafuatana, wao huhitimisha kwamba mkulima hawezi kufikiri hivyo, lazima yuko mchochezi nyuma yake. Basi badala ya afisa wa maji kutumwa kijijini kupima kisima, hutumwa mtu kumsaka mwandishi. Mwalimu wa shule ya msingi aliyewasaidia wazee kuandika huitwa wilayani ajieleze. Mwandishi akishapatikana na kukaripiwa, jalada hufungwa. Kisima hubaki na uchafu wake.

Jambo hili halifai hata kidogo. Ni dharau kwa wananchi, na ni dharau pia kwa historia ya nchi hii. Afisa anayemwona mwananchi mwenye waraka kuwa ni mkorofi amesahau, au hakufundishwa, kwamba kwa waraka wa namna hiyo hiyo ndipo Watanganyika walipoanza kuuambia ulimwengu kwamba wao si mifugo ya kuswagwa.

WALIOTANGULIA KUANDIKA

Wengi wameshasikia habari za Wameru, lakini ni wachache wanaozitafakari. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ya Waingereza iliunda tume chini ya Jaji Mark Wilson kuchunguza masuala ya ardhi katika Arusha na Moshi. Tume hiyo ilipendekeza mipaka ya ardhi ipangwe upya kwa namna ambayo masetla wa Kizungu wangepata eneo lililoungana baina ya mlima Meru na Kilimanjaro. Ili jambo hilo litimie, Wameru waliokuwa wakiishi Ngare Nanyuki na Leguruki walitakiwa kuhama. Walikuwa na nyumba zao pale, mashamba yao, mifugo yao, makanisa yao na makaburi ya wazee wao. Walipewa ardhi nyingine upande wa Kingori, wakaikataa.

Mwezi Novemba 1951 askari walifika. Watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa moto, mifugo ikaswagwa, na mali zikapotea. Ardhi hiyo ilikusudiwa kuwa malisho ya ng'ombe wa wageni.

Wameru hawakushika mikuki. Walifanya jambo ambalo mabeberu hawakulitarajia: waliandika. Tanganyika wakati ule ilikuwa nchi iliyo chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Hati ya Umoja huo, katika kifungu cha 87, iliruhusu Baraza la Udhamini kupokea malalamiko ya wananchi wa nchi hizo na kuyachunguza. Wameru wakajua kwamba juu ya gavana yuko mwingine wa kumshitakia gavana. Wakachanga fedha, shilingi juu ya shilingi, kutoka katika jasho lao. Wakamtafuta mwanasheria, Earle Seaton, mtu mweusi mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Wakamchagua mwenzao, Kirilo Japhet, awe mdomo wao. Mwaka 1952 Kirilo alisimama New York mbele ya wajumbe wa mataifa na kueleza yaliyotendeka Ngare Nanyuki. Ilikuwa miaka mitatu kabla ya Julius Nyerere kufika mbele ya Baraza hilo hilo.

Je, Wameru walirudishiwa ardhi yao kwa waraka ule? Hapana. Baraza la Udhamini lilisikitika. Kamati ya Nne ya Baraza Kuu ilipitisha pendekezo kwamba ardhi irudishwe. Lakini lilipofikishwa mbele ya Baraza Kuu lenyewe halikupata theluthi mbili ya kura zilizohitajika. Kwa hesabu ya mtu mwenye macho mafupi, wananchi walishindwa. Fedha zilikwenda, nauli ilikwenda, na ng'ombe wa setla wakabaki malishoni.

Lakini hesabu ya historia ni nyingine. Kirilo aliporudi mwaka 1953 alizunguka sehemu mbalimbali za nchi akiwaeleza watu yaliyotokea Meru na yaliyosemwa Umoja wa Mataifa. Watu wa mikoa ya mbali, ambao hawakupata kumwona Mmeru, waliona kwamba dhuluma ile ni yao pia. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Mwezi Machi 1955 rais wake akapanda ndege kwenda Umoja wa Mataifa kwa fedha zilizochangwa na wananchi, kudai kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika na itambuliwe hivyo. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya mkoloni ikashushwa. Aliyedhani kwamba karatasi ya Wameru ilikuwa imekufa katika jalada la New York alikosea sana.

Wala Wameru hawakuwa peke yao katika kudai bila silaha. Mapema mwaka 1945 Wapare kwa maelfu walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same, makao ya wilaya, kupinga kodi ya mbiru ambayo kiwango chake kilitegemea mali ya mtu kwa jinsi alivyokisiwa. Walikaa. Walilala pale. Mwaka 1946 wanawake wa Upare nao waliingia katika mapambano, wakaandamana hadi Usangi. Hatimaye kodi hiyo iliondolewa. Wananchi hawa hawakuwa na bunge la kuwasemea wala gazeti la kuwatetea. Walikuwa na umoja, uvumilivu, na imani kwamba dhuluma ikisemwa hadharani na watu wengi kwa pamoja, mwenye kuitenda hawezi kulala usingizi.

Walimu na watumishi wa serikali wanapaswa kulikumbuka jambo moja zaidi, kwa kuwa linawahusu wao. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Ilijua ilichokuwa ikifanya. Ilijua kwamba mkulima ana jambo la kusema, na kwamba mwalimu na karani wana kalamu. Hivyo ikataka kalamu itengwe na jambo. Mwaka 1955 mwalimu mmoja wa Pugu alitakiwa achague baina ya kazi yake na siasa, naye akaiacha kazi. Leo ofisi inayomwita mwalimu wa kijiji na kumkaripia kwa kuwa amewaandikia wazazi wa wanafunzi wake barua ya kudai maji safi, inashika rungu lile lile aliloliacha mkoloni mlangoni.

KUCHELEWA NAKO NI JIBU

Liko somo katika kisa cha Meru ambalo kila mwenye jalada mezani anapaswa kulizingatia. Nyumba za Ngare Nanyuki zilichomwa Novemba 1951. Baraza la Udhamini lilimsikiliza Kirilo katikati ya mwaka 1952. Hadi wajumbe wanakaa vitini kusikiliza, majivu yalikuwa yamekwisha kupoa na mifugo iliyonusurika ilikuwa ugenini. Serikali ya kikoloni haikuhitaji kuukataa waraka. Ilihitaji kutangulia tu. Ilitenda kwanza, kisha ikasubiri malalamiko yajadiliwe kwa utulivu.

Hivyo ndivyo ucheleweshaji unavyofanya kazi hata leo. Afisa anayelalia waraka kwa mwaka mzima hupenda kujisema kwamba hajaamua lolote. Sivyo. Ameamua. Wakati waraka uko katika kabati lake, miti inakatwa, mawe ya mipaka yanahamishwa, watoto wanaendelea kunywa maji yale yale. Siku atakapolifungua jalada, kutakuwa hakuna tena msitu wa kuutetea wala mpaka wa kuuhakiki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Na ofisi nyingi zimejenga kuta kwa gharama kubwa ya fedha za umma kwa sababu hazikuziba ufa ulioonyeshwa na wananchi kwa karatasi ya bure.

HAKUNA UGENI KATIKA JAMBO HILI

Wako watakaosema kwamba tabia ya kukusanya saini ni ya kigeni, na kwamba wananchi wa nchi hii wana vikao vyao na viongozi wao. Kwa nini wavipite? Hoja hiyo ina sura nzuri kwa nje. Ni kweli kwamba mkutano mkuu wa kijiji upo, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeupa mamlaka yake. Ni kweli pia kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Lakini wananchi wanapoandika waraka kwa wakubwa wa juu, mara nyingi wanasema jambo moja tu: kwamba mkutano haukuitishwa, au uliitishwa na sauti yao ikaandikwa kinyume katika muhtasari. Hawaombi upendeleo. Wanaomba sheria ya nchi ifuatwe. Kumwambia mtu wa namna hiyo arudi katika kikao kile kile anachokilalamikia ni kumtuma kondoo akashitaki kwa fisi.

Tena, viongozi walioijenga nchi hii hawakuona aibu kulalamikiwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka masharti kwa viongozi kwa sababu lilijua kwamba kiongozi anaweza kugeuka kuwa kupe. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea waziwazi viongozi wenye kiburi, wenye majivuno na wanaowaonea watu, na ukawapa wananchi haki ya kutowavumilia. Hata kabla ya hayo, Tanzania ilikwisha kuunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambayo ilianza kazi mwaka 1966, ikiwa ya kwanza ya aina yake katika Afrika. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Chifu Erasto Mang'enya. Tume hiyo haikungoja wananchi waifuate Dar es Salaam. Ilikwenda mikoani, ikafanya mikutano, ikapokea malalamiko ya watu walioonewa na maofisa. Mwaka 2001 nafasi yake ilichukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo nayo hupokea malalamiko ya mwananchi yeyote.

Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 8, inatamka kwamba mamlaka yote ya serikali yanatoka kwa wananchi, na kwamba serikali itawajibika kwao. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi ya mambo yanayomhusu yeye na taifa. Ibara ya 27 inamtwika kila mtu wajibu wa kulinda maliasili za nchi. Basi mwanakijiji anayeandika kwamba msitu wa hifadhi unamalizwa anatimiza wajibu aliotwikwa na Katiba. Ajabu ni kwamba anayetimiza wajibu huitwa mchochezi, na anayelala juu ya jalada huitwa mtumishi mwaminifu.

FUNZO LA RUFIJI

Aonaye kwamba wakulima na wavuvi hawawezi kuyajua mambo ya kitaalamu, na asome habari za delta ya Rufiji. Huko ndiko uliko msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko katika pwani ya Afrika Mashariki. Mikoko ile si kuni tu. Katika mizizi yake samaki na kamba huzaa na kukua. Nayo huzuia bahari isile nchi kavu. Wananchi wa delta hulima mpunga pale ambapo maji ya mto huja na kurudi, na huvua katika mikono ya mto ambayo kila mmoja wanaujua kwa jina.

Katika miaka ya 1990 ilikuja kampuni ya kigeni ikiwa na mpango wa kuchimba mabwawa ya kufugia kamba katika maelfu ya hekta za delta hiyo. Mpango ulipambwa kwa ahadi za ajira na fedha za kigeni. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilishauri usikubaliwe. Hata hivyo mwaka 1997 serikali iliuidhinisha. Wananchi wa delta hawakunyamaza. Walikutana, wakaandika, wakatuma wajumbe Dar es Salaam, wakapata msaada wa wanasheria na waandishi wa habari wa hapa nchini waliojali mazingira, wakafika hadi Mahakama Kuu. Mwishowe mradi ule haukufanyika.

Mwaka 2004 delta hiyo, pamoja na maeneo ya Mafia na Kilwa, iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, ambayo inamtambulia kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye afya. Kwa maneno mengine, waliyoyasema wavuvi wa Rufiji kwa lugha yao, taifa liliyasema baadaye kwa lugha ya sheria. Wataalamu wa Baraza na wavuvi wa mikokoni walikuwa upande mmoja. Waliokosea ni wale waliotazama fedha wakasahau maji. Aliyeuliza wakati ule "nani kawachochea wavuvi hawa?" angejibiwa kwamba aliyewachochea ni mikoko.

SAINI NYINGI NA SAINI ZA KWELI

Hata hivyo haki haipaswi kutetewa kwa upofu. Chombo kizuri kikishikwa na mkono mchafu huharibika, na waraka wa wananchi nao una maadui zake wa ndani. Wako wanaojaza majina ya marehemu na ya watoto wachanga ili orodha ionekane ndefu. Wako wafanyabiashara wanaowanunulia vijana soda ili watie saini dhidi ya mshindani wao, na wanasiasa wanaotafuta kiti kwa mgongo wa kisima cha watu wengine. Watu hao wanawadhulumu wanyonge mara mbili, kwa sababu siku wanyonge wa kweli watakapoandika, hawataaminiwa.

Siku hizi tena saini hukusanywa kwa simu na kompyuta, na mtu aliye London au New York aweza kutia jina lake juu ya jambo la kijiji asichoweza kukionyesha kwenye ramani. Mwaka 2010, Tanzania ilipotangaza nia ya kujenga barabara kupita kaskazini mwa Serengeti, watu wengi wa nchi za nje walitia saini kupinga. Hoja yao kuhusu misafara ya nyumbu ilikuwa na uzito. Mwaka 2011 serikali yenyewe iliieleza UNESCO kwamba sehemu ya hifadhini haitatiwa lami, na mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki iliizuia lami hiyo. Lakini wangapi katika waliotia saini waliuliza jinsi mama mjamzito wa Loliondo anavyofika hospitali wakati wa masika? Saini ya mbali inaweza kuwa ya haki, lakini haina vumbi la barabara miguuni.

Kwa hiyo afisa ana haki, tena ana wajibu, wa kuuchunguza waraka. Na auchunguze! Aende kijijini, ausome mbele ya mkutano, aulize aliyetia dole gumba kama anajua alichokitilia dole. Ikibainika kwamba majina ni ya kughushi, wenye kughushi wachukuliwe hatua. Lakini uchunguzi wa namna hiyo unaanza na swali la kama jambo lililosemwa ni kweli, ndipo ufike kwa aliyelisema. Hata kama mwandishi wa waraka ni adui mkubwa wa mkuu wa ofisi, kisima kilichoingia sumu hakisafishiki kwa sababu hiyo. Sumu haiulizi chama cha mtu.

WAJIBU WA OFISI

Yanayodaiwa na wananchi katika jambo hili si makubwa, na mengi hayahitaji bajeti. Kwanza, kila waraka upokelewe kwa maandishi, na wahusika wapewe kumbukumbu namba ya jalada na jina la cheo cha afisa anayewajibika, ili wasizungushwe kutoka mlango hadi mlango. Pili, iwekwe tarehe ya kujibu, na tarehe hiyo iheshimiwe kama inavyoheshimiwa tarehe ya mshahara. Tatu, ikiwa jambo linalolalamikiwa ni lile lisilorudishika likishatendeka, kama kukata msitu, kuhamisha watu au kugawa ardhi, basi lisimamishwe hadi jibu litolewe. Hilo ndilo funzo la majivu ya Ngare Nanyuki.

Nne, jibu liandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na lisomwe mbele ya mkutano wa kijiji. Jibu laweza kuwa "hapana". Serikali haiwezi kumpa kila mtu kila anachoomba. Fedha ni chache, na haja ya kijiji kimoja huweza kugongana na haja ya taifa. Wananchi wa Tanzania ni watu wazima, wanaweza kuipokea "hapana" yenye sababu. Wasichoweza kukipokea ni ukimya, kwa maana ukimya ni namna ya kumwambia mtu kwamba hayupo.

Tano, na hili ni la msingi, mwandishi wa waraka alindwe. Mwalimu aliyeshika kalamu kwa niaba ya wazee wasiojua kuandika ametenda kazi ya ualimu wake. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilikusudia msomi awe sehemu ya jamii yake, asiwe bwana mdogo aliyekaa juu ya kilima akiwatazama wazazi wake kwa mbali. Ofisi inayomhamisha mwalimu huyo hadi mpaka wa mbali wa wilaya, kama adhabu, inawafundisha walimu wengine wote kwamba usomi wao ni wa kujaza fomu tu. Taifa haliwezi kutoa kodi za wakulima kumsomesha mtu, kisha likamwadhibu kwa kuwa amewatumikia wakulima hao.

Wako watakaolalamika kwamba mambo haya yataongeza kazi ofisini, na kwamba vijiji vyote sasa vitaandika. Na viandike! Nchi ambayo wananchi wake wanaandika ni nchi ambayo wananchi wake bado wana imani. Mtu hachangi nauli, hakusanyi majirani, hatembei nyumba kwa nyumba na kibweta cha wino, kama hadhani kwamba huko aendako yuko mwenye masikio. Wa kuogopwa si kijiji kinacholeta waraka wa tano. Wa kuogopwa ni kijiji kilicholeta waraka mara nne, kisha kikaacha kuandika. Kiongozi mwenye busara akiona kimya hicho asijipongeze kwamba amani imerejea. Mficha maradhi kifo humfichua. Na anayewanyamazisha wagonjwa hajawaponya.

Watu wamezoea kusema kwamba mnyonge hana haki. Methali hiyo ilitungwa na watu walioona watwana wakiuzwa, wakaona machifu waliowekwa na wageni wakichukua ng'ombe wa wajane, wakaona Ngare Nanyuki ikiwaka moto. Ilikuwa sahihi kwa zama zake. Uhuru ulitafutwa ili methali hiyo iwe uongo. Kila afisa anayeushika waraka wa wananchi ana nafasi ya kuikanusha au kuithibitisha, na huifanya kazi hiyo siku hiyo hiyo, mezani pake, kwa kalamu yake. Basi jalada na lifunguliwe, gari na lipelekwe kijijini, kisima na kipimwe. Jina la aliyeandika litajulikana tu. Liko pale chini, pamoja na ya wenzake wote, nao hawakulificha.